Mwalimu Marsiana na Bata wa Bi Makole

Wasifu huu wa Mwalimu Marsiana Kalisti Ntahondi umeandaliwa na familia, na unasomwa na mwanawe wa kwanza, Erasto, leo Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025, hapa nyumbani kwake Mwanga, Kigoma. Sehemu kubwa ya yaliyomo humu marehemu aliyasema mwenyewe, na mengine aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu mwezi Julai, alipokuwa bado na nguvu za kugombana na mtu juu ya mkato na nukta. Alikuwa amehudhuria misiba mingi, akachoka kuona kila anayezikwa amegeuka kuwa mpole, mcheshi na mtu wa watu. “Mimi msiniandike malaika,” aliagiza. “Malaika hana mdogo wake.” Familia imeandika kama alivyotaka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1952 katika kijiji cha Heru Juu, Kasulu, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Kalisti Ntahondi, katekista na mkulima wa kahawa, na mkewe Mama Leonia. Baada yake walizaliwa wengine watatu. Wawili waliitwa na Mungu wakiwa wachanga, akabaki Regina, aliyezaliwa mwaka 1958. Wasichana hao wawili walilala kitanda kimoja, wakala sahani moja, na kwa ushuhuda wa mama yao waligombana kuanzia kuku wanapowika hadi kuku wanapolala.

Jumapili moja ya mwaka 1965, baada ya misa, Regina alianguka kutoka kwenye mpera uliokuwa nyuma ya nyumba, akavunjika mguu wa kulia. Mfupa uliungwa na mtaalamu wa kijijini. Uliunga, lakini uliunga kwa namna yake, na tangu siku hiyo Regina amekuwa akitembea kwa kuinamia upande mmoja, kama wote mnavyomjua. Nyumbani ilisemwa kwamba alipanda mti kwa utundu wake. Marsiana, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na aliyekuwepo pale chini ya mti, hakusema lolote. Jambo hilo tutalirudia, kwa sababu marehemu aliagiza lirudiwe.

Alisoma shule ya msingi ya misheni kati ya mwaka 1961 na 1967. Mwaka ule Regina alipolazwa ndani na mguu wake umefungwa vibao, Marsiana alitoka shuleni kila siku akamfundisha mdogo wake herufi kwa mkaa kwenye mlango wa jikoni. Mlango ule ulikuja kupakwa rangi mara tatu, na bado herufi zilionekana. Regina ndiye mwanafunzi wake wa kwanza, na marehemu alisema mara nyingi kwamba ndiye aliyemsumbua kuliko wote waliofuata, maana kila herufi alitaka aambiwe nani aliamua iwe hivyo. Baada ya hapo marehemu alifundisha madarasa ya watu wazima kijijini, na mwaka 1971 akajiunga na chuo cha ualimu mkoani Tabora, akahitimu mwaka 1973.

Januari 1974 aliripoti Shule ya Msingi Mwambao, Ujiji, na hakuhama tena. Alifundisha hapo miaka thelathini na minane. Walimu wakuu walikuja na kuondoka, mabati yaling'olewa na upepo mara mbili, yeye alibaki na chaki yake na kikombe chake cha bati, ambacho hakuna aliyethubutu kukinywea.

Mwaka 1976 alifunga ndoa na Martini Erasto, fundi mitambo wa bandari ya Kigoma. Walijaliwa watoto watatu: Erasto, Merina na Pastory. Baba yetu alikuwa mtu wa maneno machache na vyuma vingi. Walipendana kwa namna ya watu wanaotaniana kila siku bila kuchoka, na ndoa yao ilidumu hadi baba alipofariki mwaka 2009.

Sasa tuseme juu ya wanyama, maana najua wengi wenu mliosoma Mwambao mmekuja mkisubiri hapo.

Mwaka 1984 marehemu alikuwa na darasa la wanafunzi tisini na watatu na vitabu vya kusoma kumi na kimoja. Akaamua kuandika hadithi zake mwenyewe kwenye daftari kubwa la kaunta na kuzisomea darasa kila Ijumaa. Hadithi zote zilitokea katika kijiji cha kando ya ziwa alichokibuni, akakiita Rusimbo. Shida ilikuwa moja: ikifika Jumatatu watoto walikuwa wamesahau nani ni nani. Ndipo akampa kila mtu wa Rusimbo mnyama wa kufuatana naye. Mnyama huyo alimwita mgenzi, kutokana na neno la Kiha la rafiki. Kuanzia hapo hakuna mtoto aliyesahau mtu hata mmoja.

Kuchagua mgenzi haikuwa kazi ya mchezo. Watoto walitaka kila shujaa apewe simba, naye akapiga marufuku simba darasani. “Simba amechoka,” aliwaambia. “Kila hadithi anaitwa yeye. Mwacheni alale.” Sheria yake ilikuwa kwamba mnyama awe ni yule uliyemwona kwa macho yako, na asiwe kioo cha mtu, bali aseme lile ambalo mtu mwenyewe analificha. Kabla ya kuchagua aliuliza maswali matatu juu ya mhusika. Anaogopa nini? Akiwa peke yake anafanya nini? Na akifika mlangoni kwa mtu, wenye nyumba wananong'onezana nini kabla ya kumfungulia?

Ndiyo maana Kapteni Butu, nahodha wa Rusimbo aliyejisifu kwamba ziwa zima linamjua kwa jina, alifuatwa na kuku, kwa kuwa moyoni aliogopa maji. Fundi cherehani aliyeahidi kila nguo kuwa tayari kesho alipewa konokono. Siyo kwa sababu ya mwendo wake wa polepole, marehemu alieleza, bali kwa sababu konokono hufika, ila hakuambii lini. Mafundi wa Mwanga waliosikia habari hiyo hawakufurahi sana.

Alikosea pia, na alipenda kusimulia alivyokosea. Aliwahi kumpa Bi Mwanaidi, bibi mcha Mungu wa Rusimbo aliyeishi peke yake, mbwa wa kumlinda. Mtoto mmoja wa darasa la tano, Yassir, akanyoosha mkono. “Mwalimu, bibi huyu anaswali swala tano. Mbwa akimgusa kwa pua yake mbichi, atajitwaharisha mara ngapi kwa siku?” Darasa likachemka. Wengine wakasema mbwa akae nje ya ua, wengine wakauliza mvua ikinyesha je. Kipindi cha hesabu kiliisha bila hesabu. Mwalimu alikwenda nyumbani akafikiri wiki nzima, akarudi na kanga, yule ndege mwenye madoa, ambaye akimwona mgeni hupiga kelele hadi mtaa wa tatu na hana neno na udhu wa mtu. Alimshukuru Yassir mbele ya wote, kwa sababu yeye, mtoto wa katekista wa Heru, kwa miaka kumi ya kuishi Ujiji hakuwa amelifikiria hilo.

Mnyama akishachaguliwa, Mwalimu alikwenda kumtazama. Alikaa Jumamosi tatu pale kwenye mwalo wa wavuvi wa Katonga akimtazama yule ndege mweusi anayetandaza mabawa kuyakausha, hadi akina mama wauza samaki wakamuuliza kama ni mgonjwa. Wachuuzi wa kuku sokoni Mwanga walimzoea kama mteja asiyenunua.

Sheria yake ya mwisho ilikuwa kali kuliko zote: mgenzi si wa mtu wa kweli. Baba aliwahi kumuuliza yeye angepewa mnyama gani. “Hupewi,” mama akamjibu. “Watu wa kweli hawagawiwi. Ukishapewa mnyama, umekuwa wa kubuni.” Baba akasema basi aachwe hivyohivyo, aendelee kula chakula cha kweli.

Sheria hiyo aliivunja mara moja tu, nayo ilimgharimu miaka kumi na miwili.

Mwaka 2011 aliandika hadithi ya Bi Makole. Huyu alikuwa mama wa Rusimbo mwenye kicheko kikubwa, aliyeingia nyumba za watu bila hodi, tena kila mara sufuria likiwa linaepuliwa. Mgenzi wake alikuwa bata. Bi Makole alitembea kwa kuyumba kama bata wake, na bata aliyumba kama Bi Makole. Watoto wa Mwambao waliwapenda hao wawili kuliko watu wote wa Rusimbo wakijumlishwa.

Tarehe 14 Septemba 2012, siku ya Ijumaa, wiki chache baada ya Mfungo wa Ramadhani kuisha, shule ilimwandalia Mwalimu sherehe ya kustaafu. Kulikuwa na pilau, ngoma na hotuba ambazo marehemu alizipima kuwa ndefu kwa dakika arobaini. Kisha wanafunzi wakaigiza watu wa Rusimbo. Akapita Kapteni na kuku wake, akapita fundi, akapita Bi Mwanaidi. Mwisho akatoka msichana wa darasa la sita amejifunga khanga mbili, bata wa kweli kwapani, anatembea kwa kuinamia upande wa kulia. Uwanja mzima ulicheka. Mstari wa mbele, kwenye viti vya wageni rasmi, alikuwa amekaa Regina.

Regina wakati huo alikuwa ameshafanya biashara ya dagaa Kibirizi kwa miaka thelathini. Alisimama, akatembea kutoka mstari wa mbele hadi getini, na kwa bahati mbaya hakuwa na mwendo mwingine wa kutembea isipokuwa ule uliokuwa umetoka kuigizwa. Watoto wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi. Marehemu alimkimbilia, akamfikia nje ya geti. Maneno aliyoambiwa pale aliyarudia kwetu mara nyingi, na aliagiza yaandikwe: “Dada, mguu huu ni wewe uliyenitafutia. Sasa umenitafutia na bata.”

Jumatatu iliyofuata wapagazi wa Kibirizi walikuwa tayari wanamwita Mama Bata. Mtu akipita na ndoo kichwani anatoa sauti ya bata, wenzake wanacheka. Regina aliendelea kuanika dagaa wake na kuwageuza, na kwa dada yake hakukanyaga tena. Krismasi ilipita, Pasaka ikapita, miaka ikaanza kupita. Walikutana kanisani tu, mmoja benchi la mbele, mwingine la nyuma, na wakati wa kutakiana amani kila mmoja aligeukia upande wake.

Mwaka 2015 wachapaji fulani wa Mwanza walimwandikia Mwalimu kwamba wamesikia habari za madaftari yake na wangependa kutoa kitabu cha hadithi arobaini za Rusimbo. Wote tulishangilia. Ilikuwa ndoto yake tangu tukiwa wadogo. Mama aliusoma mkataba, akaukunja, akasema bila Bi Makole hakuna kitabu, na bila ruhusa ya Regina hakuna Bi Makole. Wachapaji wakajibu kwa upole: amwondoe mama huyo mmoja, zibaki hadithi thelathini na tisa. Akawaandikia kwamba akitoka yeye, wengine watamuulizia.

Alijaribu kumbadilishia Bi Makole mnyama, akitumaini kwamba Regina angeridhika. Alimpa mbuzi, Bi Makole akawa mkaidi. Alimpa kasuku, akawa msengenyaji. Aliazima kobe kwa jirani, akakaa naye wiki mbili uani akimlisha mchicha na kumtazama, na Bi Makole akazeeka ghafla, kicheko kikamtoka. “Amekataa,” mama alituambia, daftari likiwa magotini. “Nimemsihi, amekataa. Anamtaka bata wake.” Sisi wanawe tulimwambia huyo ni mtu wa kubuni, hawezi kukataa. Alitutazama kama wanafunzi walioshindwa mtihani.

Alituma pia wajumbe. Alimtuma paroko, akarudi ameshiba chai na hana jibu. Alimtuma Mzee Hamdani, ambaye turubai lake la kuanikia dagaa limepakana na la Regina. Mzee Hamdani alirudi kesho yake akiwa amevaa kofia yake ya Ijumaa, akakaa, akasema: “Mwalimu, nimefikisha. Mdogo wako anasema bata ni wako, mlishe mwenyewe.” Kisha akaongeza, kwa kuwa ni mtu wa haki: “Lakini alilia kidogo.” Mama naye alilia, si kidogo.

Februari 2024 marehemu alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi. Alilazwa siku kumi na mbili, ikaonekana moyo wake umetanuka. Aliporudishwa nyumbani na dawa zake, habari zilifika Kibirizi kabla hatujamaliza kumtandikia kitanda. Jumapili tarehe 10 Machi 2024, saa nne asubuhi, Regina aliingia humu ndani bila hodi, na migebuka minne mibichi kwenye kikapu.

“Mwidiwe,” alisalimia kwa Kiha, kama mtu aliyekuja jana.

Mama akaitikia. Regina akaniambia mimi nipeleke samaki jikoni, nami nikapeleka, nikarudi haraka kuliko adabu inavyoruhusu.

“Dada,” Regina alikuwa anasema, “nimekuja kuombwa radhi. Lakini siyo ya bata. Ya bata baadaye. Kwanza ile ya mpera.”

Mama alijivuta, akakaa wima kitandani.

“Nilikuwa nimevaa gauni la misa,” alisema. “Sikutaka kulichafua. Nikakwambia upande wewe.”

“Hilo ninalijua. Nilikuwepo.”

“Tawi nililiona. Lilikuwa limeliwa na mchwa. Niliona, nikataka mapera.” Pumzi ilimkatika, akaivuta tena. “Halafu baba alipouliza nikanyamaza, na wewe ukachapwa kwa utundu huku mguu umefungwa. Nisamehe, mdogo wangu. Nilipaswa kusema siku ile.”

Miaka hamsini na tisa ilikuwa imepita. Regina aliinamisha kichwa, akaangalia mikono yake. Kisha akafuta macho kwa pindo la khanga, akasema haya, sasa tuje kwa bata.

Hapo ndipo ilipogundulika kwamba Regina hakuwahi kuisoma hadithi. Alichokijua ni kile alichokiona uwanjani siku ya sherehe: msichana, khanga mbili na vicheko. Mama akanituma daftari, nikaisoma kwa sauti kitandani hapo. Inasimulia jinsi mafuriko yalivyofunika njia ya kwenda shuleni Rusimbo. Watu wenye miguu iliyonyooka wote waliteleza, akiwemo Kapteni, aliyeokolewa na kuku wake kwa aibu kubwa. Bi Makole peke yake alizoea kukanyaga palipo juu na palipo chini kwa hatua moja. Alifunga watoto kwa kamba ya khanga, akawavusha wote thelathini, akicheka njia nzima ili wasiogope. Alipofika ng'ambo akaingia nyumba ya kwanza bila hodi, sufuria likiwa linaepuliwa, na siku hiyo mwenye nyumba akampa sufuria lote.

“Nilikuandika wewe,” mama alisema nilipomaliza. “Nilijidanganya kwamba ni wa kubuni. Niliandika kile ninachokipenda kwako kuliko vyote, nikasahau kwamba wewe ndiye unayetembea nacho.”

Regina alikuwa amekunja uso, lakini ule ukunjo tuliokuwa tunauogopa haukuwepo. Ulikuwa ukunjo wa mtu aliyepunjwa samaki.

“Kwa nini bata yuko nyuma?” aliuliza.

“Wagenzi wote wako nyuma. Ndiyo kanuni. Mtu anatangulia, mnyama anafuata.”

“Dada, wewe umewahi kufuga bata?”

“Nilimtazama wa jirani mwezi mzima.”

“Ulimtazama dume. Bata mwenye watoto hakai nyuma ya mtu yeyote. Yeye anatangulia, watoto wanafuata mstari, na ukimpita anakudonoa. Watoto thelathini wanavuka maji, halafu bata yuko nyuma anafanya nini? Anahesabu mawingu?”

Mama alicheka hadi tukaogopa kwa ajili ya moyo wake. Akaomba kalamu nyekundu, akakata mistari sita, akaandika upya bata akiwa mbele na Bi Makole nyuma yake. Katika watu arobaini wa Rusimbo, ndiye pekee ambaye mgenzi wake anaongoza njia. Regina alisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza, kama alivyosoma mlango wa jikoni Heru Juu. Kisha akasema kitabu kitolewe. Migebuka ililiwa mchana ule na watu wanane, na vichwa alikula Regina, kwa sababu alisema anastahili.

Miezi kumi na tisa iliyofuata, kwa neno la marehemu mwenyewe, ilikuwa mizuri kuliko yote tangu astaafu. Kila Jumapili baada ya misa Regina alikuja akakaa kwenye kiti kile cha kamba, na madaftari yakafunguliwa. Alikosoa kila kitu. Alisema ndege mweusi wa Katonga asubuhi hayupo juu ya jiwe, yuko majini anakula, na dada yake alimwona amekaa kwa kuwa alikwenda saa za watu walioshiba. Alisema kuku wa Kapteni hawezi kuwa jogoo, maana jogoo angejisifu pamoja naye. Mama alipinga, wakapigiana kelele, kisha kalamu nyekundu ikachukuliwa. Majirani walidhani wamekosana upya. Kumbe ndiyo ilikuwa dawa, kuliko hivi vidonge.

Kitabu kilitoka mwezi Februari 2025, nakala mia tatu, na Bi Makole yuko kwenye jalada. Regina alipeleka nakala kumi Kibirizi, akawasomea wapagazi mwenyewe juu ya mizani ya dagaa. Bado wanamwita Mama Bata. Sasa anaitikia.

Mwezi Agosti hali ya marehemu ilianza kudhoofika. Alijua, wala hakutaka tujifanye hatujui. Aligawa madaftari yake, akamwachia Yassir, ambaye leo ni mwalimu, kikombe cha bati, na akaendelea kusahihisha wasifu huu hadi ukurasa wa tatu. Alifariki hapa nyumbani siku ya Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Regina alikuwa kando ya kitanda anachagua mchele. Marehemu aliuliza kama maji yameshachemka, akaambiwa bado, akasema basi alale kidogo.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu tisa, mdogo wake Regina, wanafunzi ambao hakuna aliyeweza kutuambia idadi yao, na watu arobaini wa Rusimbo na wanyama wao, ambao tunaomba muwatunze.

Limebaki agizo moja. Mwalimu hakutaka gari. Alisema atabebwa mabegani kutoka hapa hadi makaburini, na kwamba mbele ya jeneza, mbele ya msalaba hata, atangulie Regina. Regina alikataa. Alisema njia ni ndefu, mwendo wake mnaujua, watu watachelewa, na wengine watacheka. Mama alimshika mkono. “Wacheke,” alimwambia. “Tangulia tu. Mwaka ule nilikutanguliza juu ya mti nikabaki chini. Safari hii nakuja nyuma yako.”

Paroko ameridhia. Kwa hiyo tunawaomba wabebaji na waombolezaji wote: asiwepo wa kumpita. Mama mdogo akisimama kupumzika, tutasimama. Akianza kutembea, tutatembea, kwa mwendo wake.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Hatuna haraka.